HOTUBA YA KATIBU WA TAWI: SAIKOLOJIA, MSHAHARA NA DENI LA BODI



Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye mkutano wa tawi Jumapili. Tunayatuma hapa kwa sababu wengi wenu mlikuwa msibani, na suala la mchango tumeliahirisha mpaka kila mmoja awe ameyasoma.

Jambo lenyewe mnalijua. Binti wa mwanachama mwenzetu amechaguliwa na vyuo vikuu viwili, vyote saikolojia, miaka mitatu. Anatakiwa athibitishe kimoja. Mkopo ameomba, majibu bado. Baba yake anataka kuuza kiwanja mapema, asije akaaibika Oktoba, na ameliomba tawi limchangie. Wote wawili wameturuhusu kulizungumza hapa.

Mkutanoni tuligawanyika. Kuna waliosema saikolojia haina ajira, atarudi nyumbani na cheti na deni. Kuna waliosema mkopo ni hela ya serikali, achukue tu. Sisi elimu yetu ni diploma ya uhasibu, si zaidi, lakini tuliona kwamba pande zote mbili zilibishana bila kushika kalamu.

Hilo la hela ya serikali tuliwahi kulisema sisi wenyewe mbele ya vijana, na leo tunalifuta. Deni liko kwa jina la mwanafunzi, na mdhamini ameweka sahihi yake. Akiacha chuo mwaka wa pili, alichokwisha pokea atadaiwa. Na bumu ni mkopo kama ada ilivyo mkopo. Vijana wetu wengi hili wanalijua siku ya kwanza ya makato.

Sasa tupige hesabu. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Tuchukulie siku 240 kwa mwaka, ni milioni 2.4. Tuweke ada milioni 1.3, na vitabu na mafunzo kwa vitendo laki tatu. Mwaka mmoja milioni 4, miaka mitatu milioni 12. Bodi inaongeza asilimia 1 ya uendeshaji, inakuwa 12,120,000. Hiyo ni kama akipewa kila kitu.

Tuseme amepata kazi serikalini kwa mshahara wa msingi wa 800,000. Huu ni mfano wetu, si ahadi ya mtu. Pensheni asilimia 5, 40,000. Kodi ya mapato, 68,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Mkononi inabaki 548,000. Bila deni angebaki na 668,000. Atalipa miezi 101, yaani miaka minane na miezi mitano.

Angalieni kitu kimoja ambacho mkutanoni kilituponyoka. Hiyo asilimia 15 haiangalii ukubwa wa deni. Aliyekopa milioni 4 na aliyekopa milioni 12, wakiwa na mshahara sawa, wanakatwa sawa kila mwezi. Tofauti ni lini makato yataisha. Kwa hiyo mzee akiuza kiwanja ili binti akope kidogo, mshahara wa kwanza wa binti hautaongezeka hata shilingi. Atamaliza mapema tu.

Na kumaliza mapema si jambo la kukimbilia siku hizi. Mpaka 2021 kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa deni la milioni 12 hiyo ni 720,000 kwa mwaka mwanzoni, wakati mtu huyu analipa 1,440,000. Nusu ya jasho lake ilikuwa inaliwa na tozo. Imefutwa. Deni lisilozaa, la miaka minane, ni jepesi kuliko kiwanja kilichouzwa kwa haraka. Mnunuzi akijua una shida, bei anapanga yeye.

Uzito uko kwingine. Aliyejiajiri kiwango chake cha chini ni 100,000 kwa mwezi. Binti akikosa ajira akafungua biashara ya kumpa laki tatu, theluthi moja inakwenda Bodi, wakati mwenye slipu ya mshahara anakatwa asilimia 15. Kwa hiyo waliouliza habari ya ajira waliuliza swali sahihi, ila walilijibu haraka mno.

Shahada ya kwanza ya saikolojia haimfanyi mtu mtaalamu wa kutibu wagonjwa. Hiyo ni shahada ya pili, kama ile ya saikolojia tiba ya Muhimbili, na gharama yake haimo kwenye hesabu yetu. Mwenye shahada ya kwanza anaingia kwenye ushauri nasaha, miradi ya mashirika, au ofisi za rasilimali watu, akigombania na wa sosholojia na ustawi wa jamii.

Hapa ndipo vyuo viwili vinapotofautiana. Kimoja kinatoa saikolojia pekee. Kingine kinaitoa ndani ya shahada ya ualimu, pamoja na somo la kufundishia. Foleni ya walimu tunaijua, ni ndefu, hatudanganyani. Lakini shule binafsi inaweza kumchukua kwa somo lake huku akisubiri. Ni mlango wa ziada kwa deni lilelile. Binti anapendelea ile ya kwanza. Tulimwomba asome matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, aandike ni mangapi yanataja saikolojia kwa jina. Amekubali, na uamuzi ni wake.

Pendekezo la kamati: kiwanja kisiuzwe kabla ya majina ya awamu za mkopo kutoka. Tawi lichange nauli, usajili na matumizi ya mwezi wa kwanza, vitu ambavyo havisubiri bumu. Pengo likionekana baadaye, tutakaa tena tukiwa na namba mkononi.

Wenye hoja waandike humu kabla ya Ijumaa jioni. Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana ofisi ya tawi kupiga kura. Mzee, njoo na karatasi za vyuo vyote viwili.

Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati