Mrithi Afike Kabla Mzee Hajaondoka

Wahitimu wetu,

Wengi wenu mtaomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira, mtasubiri usaili, kisha mtasubiri kupangiwa kituo. Kusubiri huko kunachosha, na wazazi waliopo hapa wanakujua vizuri. Lakini leo nataka kuzungumzia ofisi mtakazozikuta.

Katika miaka ya 1990 Serikali ilibana ajira mpya na kupunguza maelfu ya watumishi. Kijana ambaye angeajiriwa mwaka 1995 akiwa na miaka 25, leo angekuwa mkuu wa idara anayeandaa mrithi. Wengi wa namna hiyo hawapo. Mwaka 2016 ajira zikasitishwa tena kupisha uhakiki wa watumishi, na Aprili 2017 ikatangazwa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Kuwaondoa ilikuwa haki, nasema hivyo bila kusita. Hata hivyo, mgonjwa aliyefika zahanati kesho yake alihitaji muuguzi.

Ndiyo maana katika halmashauri zetu mtamkuta mzee anayekaribia kutimiza miaka 60, na chini yake kijana anayekaimu. Mzee huyo anajua jalada la kiwanja chenye mgogoro lilitoka masijala lini, nani alilichukua na kwa nini halikurudi. Mfumo wa kompyuta unatunza dokezo. Sababu iliyomfanya bosi akatae kulisaini ilisemwa kwa mdomo, na imebaki kichwani mwa mzee.

Basi mkipangiwa wilaya ya mbali kama Kakonko au Liwale, barua yenu ya kwanza isiwe ya kuomba uhamisho. Kaeni na mzee huyo. Mwonyesheni mfumo mpya kwa heshima, bila kumharakisha, kisha mwombeni afungue majalada ya zamani mkiwa naye, na muandike anayosema.

Nanyi waajiri mliokuja hapa, hili ni lenu kuliko la vijana. Tarehe ya mtumishi kustaafu mnaijua tangu siku aliyojaza fomu ya ajira, lakini mrithi wake huombewa kibali wakati kiti kikiwa kitupu tayari. Nawasihi: mnapoandaa ikama na bajeti ya mwaka ujao, kwa kila mtaalamu anayestaafu ombeni miezi sita ya mishahara miwili, wa anayeondoka na wa anayeingia, wakae meza moja.