Kwa Nini Wazee Wengine Hawaachi Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri imeniomba niseme juu ya swali ambalo watoto wetu hutuuliza mara kwa mara, nasi hatuwapi jibu lililo kamili. Husema, "Baba, umekwisha kutimiza miaka sabini. Mbona ungali ukiamka alfajiri kwenda kuchuma majani? Kaa, upumzike." Kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao wanaoulizwa, nitajaribu kujibu bila kujitetea mno.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kustaafu ni desturi ya ofisi. Mtumishi wa Serikali huijua siku yake: zamani alipumzishwa akiwa na miaka 55, na tangu mwaka 2009 ni miaka 60. Hupewa barua, hupewa na pensheni. Lakini mkulima, nani atamwandikia barua? Mchai haujui umri wa mwenye kuuchuma. Kila baada ya wiki moja au mbili majani mawili na chipukizi lake huwa tayari, na yasipochumwa hukomaa yakapoteza thamani.

Basi sababu ya kwanza ni uhitaji, wala hapana haya kuutaja. Wako wenzetu waliotumikia mashamba makubwa ya Kericho na Bomet tangu ujana wao. Siku mtu alipoacha kazi alirudisha na nyumba ya kampuni. Akiba yake iliwekwa katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, iliyoanzishwa mwaka 1965. Kwa kiwango cha juu cha sheria ya zamani, mfanyakazi alitoa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri 200. Hesabuni wenyewe: kwa mwaka ni 4,800, na kwa miaka thelathini ni 144,000 kabla ya faida. Sheria mpya ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imeongeza michango. Lakini itawafaa zaidi vijana kuliko wale waliokwisha kuondoka. Tangu mwaka 2018 Serikali imepanua msaada wa Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Twashukuru, hata hivyo, mwenye kununua dawa, unga na sabuni ajua fedha hiyo hufika wapi. Mzee wa namna hii hafanyi kazi kwa kupenda. Yeye yatupasa kumsaidia, si kumsifu.

Sababu ya pili ni heshima. Kwa desturi ya Kipsigis mzee hakuwa mtu wa kuota jua tu. Katika kokwet neno lake lilikuwa kazi yake: aliamua mipaka, alipatanisha nyumba, alifundisha. Kazi ilibadilika, haikukoma. Ndugu zetu wa Nandi wametupa mfano. Bibi Priscilla Sitienei wa Ndalat alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka sitini. Alipokaribia miaka tisini aliingia shule ya msingi, akakaa darasani pamoja na watoto ambao baadhi yao aliwapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 99, angali mwanafunzi. Nani angethubutu kumwambia apumzike?

Sababu ya tatu hatupendi kuisema, nayo ndiyo iliyonileta hapa. Ni hofu. Katika siku za ukoloni chai ilikuwa mali ya mashamba makubwa. Mkulima Mwafrika wa nchi hii alianza kuruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1950. Sisi tuliowaona baba zetu wakiipata haki hiyo twaishika kwa mikono miwili. Twaogopa kwamba siku tutakapoiachilia nambari ya mkulima, tutaachilia na jina letu.

Mimi nilikuwa hivyo. Mwanangu wa pili alichuma majani miaka minane, na malipo ya mwezi pamoja na bonasi yakaingia katika akaunti yangu. Akawa huniomba jasho lake kama mtoto aombavyo sukari. Siku moja aliondoka, akaenda kufanya kibarua mbali. Aliniambia, "Baba, huko nitalipwa kidogo, lakini nitalipwa kwa jina langu." Mke wake alibaki akichuma, nami nikaendelea kupokea. Ilinichukua miaka miwili kuona aibu. Mwaka jana niliwaita majirani wawe mashahidi, nikapima sehemu, na mkaza mwanangu akaandikiwa nambari yake. Mwanangu hajarudi. Lakini Krismasi alikuja, akatembea kati ya michai yote bila kusema neno, na alipoaga alinishika mkono kwa muda mrefu.

Wazee wenzangu, mwajua kwamba mchai usiopogolewa hupanda juu ukawa mti, na mkono wa mchumaji haufiki. Ukipogolewa kila baada ya miaka michache, huchipua upya, na mizizi ni ile ile. Mkulima hakimbilii kung'oa mchai kwa kuwa ni mkongwe. Wala hakuna auachaye upande apendavyo. Nasi na iwe hivyo.

Kwa hiyo naomba Chama kifikirie mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aliyepita miaka 60 agawe kazi na mapato yake angali hai, mbele ya mashahidi na kwa njia ya sheria, bila kuwasahau mabinti na wake za wanawe. Pili, tuandike majina ya wazee wasio na mtu, ili vijana wa kila kijiji wawabebee majani mpaka kituo cha kununulia. Tatu, wazee wenye ujuzi wa vitalu na kupogoa wapewe siku maalumu za kufundisha.

Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga. Lakini neno huharibika pale mzee asipojua lini aseme na lini aachie mwingine. Tufanye kazi, ndugu zangu, mpaka mwisho. Ila tusiifanye kazi ya watoto wetu.