Dozi ya Asubuhi

Msikilizaji, kuna neno tunalirusha ovyo hapa Manzese: teja. Tunamrushia anayesinzia kando ya Barabara ya Morogoro na kete mfukoni. Tunamrushia pia yule anayepanda mwendokasi kila asubuhi, akashuka Faya na kukata kwa mguu hadi Muhimbili kunywa dozi. Leo namsemea huyu wa pili.

Dozi ni methadoni. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, wakafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Ni dawa ya maji, hutolewa bure, na mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu. Heroini, yaani unga, hupanda upesi na kushuka upesi; saa chache tu arosto imebisha hodi: makamasi, kuhara, mifupa inauma kama inavunjwa. Mtu aliye katika hali hiyo ataiba hata sufuria ya mama yake. Methadoni huingia polepole na kukaa mwilini siku nzima. Kwa kipimo sahihi haimpi stimu, inamtuliza tu, akaweza kubeba zege na jioni akakaa na mwanawe.

Majirani husema, "Katoka kwenye unga kaingia kwenye dozi, tofauti iko wapi?" Wasikilizeni waliokuwepo. Katikati ya miaka ya 2000, hapa hapa Dar es Salaam, watafiti walikuta watu, hasa wanawake, wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakiamini imebeba unga. Damu ya mtu, na virusi vyake! Dozi hunywewa, haina sindano wala damu ya mtu: tofauti iko hapo.

Nalielewa pia chozi la mama anayemfungia kijana wake chumbani wiki nzima ili arosto iishe. Itaisha, mama. Lakini hapo ndipo penye hatari usiyoiona: mwili wake umeshasahau unga, na yeye hajausahau. Akitoka, akarudi kijiweni na kuvuta au kujidunga kiasi kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Tumezika vijana namna hiyo, na msibani tukasema alikuwa ameshaacha.

Wala kila uraibu hauachwi kwa njia moja. Aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka, akikata ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Huyo aanzie hospitali. Wa kubeti hana harufu wala alama ya sindano. Mkewe hujua siku mwenye nyumba anapogonga mlango. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, ingawa hauna dawa ya kunywa kama methadoni. Huyo husaidiwa kwa mazungumzo ya muda mrefu na mshauri, na kwa kukubali mtu mwingine amshikie fedha.

Narudi kwa kijana wangu wa mwendokasi. Anaweza kuteleza, akarudi kijiweni mara mbili, mara tatu, kabla hajatulia. Wauguzi wanalijua hilo na humpokea tena. Sisi wa mtaani ndio tunaomfungia mlango. Wewe mwenye gereji, wewe mwenye duka la mbao: akikuomba kibarua, akakwambia atafika saa nne kwa sababu ya dozi, mpe kibarua hicho. Na akifika, mwite kwa jina lake.