Asali Hufuata Mti: Mazungumzo kwa Wafugaji wa Nyuki wa Hulugho



Mtu anunuapo asali akaiona nyeupe, huuliza kama imetiwa sukari. Akiiona nyeusi, huuliza kama imeungua. Maswali hayo yana haki yake, maana wadanganyifu wako. Lakini mara nyingi jibu haliko kwa mwuzaji, liko mwituni.

Nyuki huchukua maji matamu yaliyo ndani ya ua, huyabeba katika kifuko kilicho tumboni mwake, na huyachanganya na mate yageuzayo sukari. Nyuki wa mzingani nao huyapigia upepo kwa mbawa mpaka maji yapungue, yakabaki kama sehemu 20 katika 100 au chini yake. Kazi hiyo ni moja kila mahali. Harufu, rangi na ladha ndizo zitokazo katika mti. Wengi wenu mwajua ya kuwa sura ya 16 ya Kurani imepewa jina la nyuki, nayo yataja rangi mbalimbali za kinywaji chao.

Katika miti yetu, wa kwanza kwa heshima ni kikwata, ambao Wasomali huuita bilcil. Wachungaji huulaumu kwa miiba yake iliyopinda kama kulabu, ishikayo nguo na ngozi bila huruma. Lakini wataalamu wa mimea waliupa jina la Kilatini, mellifera, maana yake uletao asali. Na nyuki wetu naye ana jina hilo hilo. Mara nyingi kikwata huchanua kabla ya mvua, matawi yakiwa bado hayana majani, wakati ambapo nyuki hapati chakula kwingi. Maua yake ni meupe na yananukia, na asali yake ni ya rangi hafifu na utamu wa upole. Mvua zikisha kunyesha, migunga, mikwaju, mikole na majani madogo ya chini huchanua pamoja. Hapo asali huwa mchanganyiko, na huenda ikawa na rangi nyingine kabisa. Kusini, katika msitu wa Boni, miti ni ya aina nyingi zaidi. Huko Waaweer wamerina asali tangu zamani, wakimfuata ndege mlembe.

Si kila ua lina wema. Miti mikubwa ya jamii ya mnyaa, yenye utomvu mweupe, huweza kutoa asali iwashayo koo kama pilipili. Mlina asali mzoefu huionja kidogo kwanza.

Tena asali ikiganda, msiitupe wala msimshitaki mwuzaji. Maua mengine yana wingi wa sukari iitwayo glukosi, na asali yake huganda upesi. Wekeni chombo katika maji ya uvuguvugu, si juu ya moto.

Sasa nisemalo ni zito. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 majira matano ya mvua yalitupita mfululizo. Ua lisilo na maji halimlishi nyuki, naye asipopata chakula huhama. Ukame hatuwezi kuuzuia kwa panga. Lakini kwa panga twaweza kuongeza hasara yake. Achomaye makaa ya kikwata hupata gunia la siku moja, na jirani yake mwenye mizinga hupoteza maua ya miaka mingi. Wako wasemao kwamba mathenge utatosha badala yake. Ni kweli nyuki hupenda maua ya mathenge, nami sitaukana wema huo. Ila ni mgeni anayesonga malisho, na meno ya mbuzi yameumia kwa maganda yake.

Kwa hiyo angalieni kila mti uchanuapo, mkaweke siku hizo akilini. Rineni mara maua ya kikwata yaishapo, masega yaliyofunikwa kwa nta tu, kwa moshi mchache, maana moshi mwingi huingia katika ladha. Waachieni nyuki sehemu yao. Debe la asali ya kikwata lisichanganywe na debe la asali ya mvua, hata kama mnunuzi wa leo hajali.