Nani Ashike Mizani: Juu ya Kuhitari Nishati Jadidifu kwa Watumiaji wa Karatu na Ngorongoro



Madhumuni ya mada hii si kuhukumu kati ya jua, upepo na samadi kipi kilicho bora, maana swali hilo, ijapokuwa huulizwa kila siku maofisini, halina jawabu mpaka tuseme kwanza bora kwa nani, kwa kazi gani, na katika makazi ya namna gani. Njia za kupima zipo. Iliyo mashuhuri ni ile ya Thomas Saaty, bingwa wa hisabati mzaliwa wa Mosul, Iraki, ambaye katika miaka ya 1970 alitunga utaratibu wa kulinganisha vigezo viwili viwili, kwa daraja zinazoanzia 1, yaani uzito sawa, hata 9, yaani kimoja kimekizidi kingine kabisa.

Natuchukue mfano wa kubuni. Mama wa Endulen, huko Ngorongoro, akisema kwamba kupunguziwa safari ya kuni kuna uzito mara 3 ya bei ya chombo, na bei nayo ni mara 2 ya wepesi wa kukitengeneza, basi kuni zitachukua sehemu 6 katika 9, bei sehemu 2, na matengenezo sehemu 1. Na lau angeongeza kwamba kuni na matengenezo kwake ni sawasawa, hesabu yenyewe ingefichua kuwa majibu yake yanapingana, kwani kipimo cha Saaty cha kupatana kwa majibu kikizidi 0.10 sharti mtu aulizwe tena. Kule kurudi kuuliza, kwa rai yangu, ndiko fadhila kubwa ya njia hii. Wataalamu wetu aghalabu hawana desturi hiyo.

Lakini mume wa mama huyo, akiulizwa yeye, atatanguliza bei, maana fedha zitatoka katika ng'ombe wake, na mzigo wa kuni hauko mgongoni mwake. Hesabu ni ile ile, hukumu ni nyingine.

Kadhalika mahali. Mkulima wa Kiiraqw wa Rhotia au Mbulumbulu, huko Karatu, mwenye ng'ombe wachache wa maziwa wanaolishwa bandani, samadi yake iko pamoja, naye akiwa na maji ya kuichanganya, yafaa ajengewe mtambo wa biogesi wa kuba lililofukiwa, ambao CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya vijijini cha Arusha, kimeushughulikia tangu miaka ya 1980. Pitia lango la Lodoare, uingie Ngorongoro, ambako kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975 na watu huishi kwa mifugo: ng'ombe ni wengi zaidi, lakini mchana kutwa samadi hutawanyika malishoni, kiangazi kundi huhama, maji hutoka mbali, na kwenye ukingo wa kreta, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi huwadhoofisha vijidudu vya biogesi, ambavyo hustawi kwenye joto la karibu nyuzi 35. Fauka ya hayo, kuba halibebeki, na tangu mwaka 2022 wapo waliohamia Msomera, wilayani Handeni. Sola hubebeka, ila sola ndogo ya taa na simu haipiki ugali, ndiyo maana mwanga na mapishi sharti viulizwe mbali mbali, na jiko banifu lenye bomba la moshi lisidharauliwe kwa kuwa latumia kuni.

Juu ya upepo nitasema machache: kasi yake ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nane, basi asiyepima mahali kwa misimu yote asinunue pangaboi.

Kubebeka, nilikokutaja hivi punde, hukuoni katika madodoso yetu, ambayo huja na vigezo vilivyokwisha kuandikwa mjini. Napendekeza basi kwamba dodoso liende na nafasi tupu, wenyeji wavitaje vigezo vyao kabla ya kuonyeshwa vyetu, na wake waulizwe peke yao, kwa Kimaasai au Kiiraqw, na mwanamke mwenzao.