Supu ya Pweza Si Tiba

Jioni mjini Malindi supu ya pweza hunywewa motomoto, na wengi huamini inarudisha nguvu za kiume. Inywe, ni chakula kizuri, tiba siyo. Ninachohofia ni vidonge vya nguvu za kiume vinavyonunuliwa kwa siri, kimoja kimoja, bila pakiti wala maelezo. Sildenafili, dawa ya aina hiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwafaa wanaume wengi kwa kutanua mishipa ya damu. Lakini ukiichanganya na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha huporomoka ghafla, na mtu anaweza kufa. Tena upungufu wa nguvu za kiume huweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari au ugonjwa wa moyo. Baba, kaka, nenda hospitali ya Malindi au Kilifi upimwe sukari na presha kabla ya kumeza chochote. Mwambie na mkeo.