Kadi Ileile, Ugonjwa Mwingine: Hotuba ya Mweka Hazina kwa Wawakilishi wa Kazini



Nimepewa nafasi niseme juu ya bima, na najua wengine wenu mtaanza kusinzia. Si kosa lenu. Karatasi za bima huandikwa ili watu wasinzie. Lakini leo sisemi juu ya mguu uliovunjika wala malaria. Nasema juu ya ugonjwa wa akili, na juu ya mtu aliyetawaliwa na pombe au madawa ya kulevya.

Mwanachama mmoja wa tawi letu, mtu wa mashini, aliona mwenzake akikatwa mkono mbele yake. Tangu siku ile hakupata usingizi. Akanywa ili alale. Baadaye akawa anywa ili aweze kuamka. Mkewe alikuja ofisini kwetu akilia, nasi tukampeleka mumewe hospitali na kadi yake ya bima ya kazini. Karani wa dirishani akaitazama kadi, akapiga simu, akasema, "Hii haimo." Tukamwuliza, je, si kadi ileile iliyolipa alipopasuliwa ngiri? Akajibu, "Ndiyo ileile, lakini ugonjwa huu haumo."

Tulikaa majuma matatu tukimwomba mwajiri atuonyeshe mkataba wa bima. Tulipoupata tukaona pombe na madawa ya kulevya zimeandikwa katika ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, pamoja na vita na maasi! Magonjwa ya akili yalikuwamo, lakini kwa sehemu ya kumi tu ya fedha zinazotolewa kwa magonjwa mengine, tena kwa aliyelazwa peke yake. Mwenye kwenda kwa daktari kila mwezi kuchukua dawa, ajilipie.

Sasa sikilizeni sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, kifungu cha 46, ilisema kampuni ya bima isiuze bima ya ugonjwa inayoacha nje au kupunguza matibabu ya akili, na kufanya hivyo ni kosa. Tena sheria hiyo ilimhesabu pia mtu ambaye akili yake imeharibiwa na pombe au madawa. Mwaka 2022 Bunge liliirekebisha, likasema wazi kwamba mgonjwa wa akili ana haki ya kupata bima, ya serikali au ya kampuni, bila ya kubaguliwa. Basi miaka zaidi ya thelathini sheria ipo, na karani wa dirishani hajaisikia. Sheria isiyokuwa na mtu wa kuidai hulala kabatini.

Na sisi chama tuna makosa yetu. Katika mapatano tuliyotia sahihi na waajiri mna maneno matatu tu: "bima ya matibabu". Matibabu gani? Hatukuuliza. Tulibishana usiku kucha juu ya posho ya nyumba, hapo tukapita mbio.

Mtaniambia, iko SHA. Kweli, tangu Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa NHIF umeondoka, na sasa kila mmoja wetu akatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine. Mwenye shilingi 30,000 atoa shilingi 825 kila mwezi. Huduma za akili na za kuacha ulevi zimo katika orodha yake. Zidaini, fedha ni zenu. Lakini hilo halimpi mwajiri ruhusa ya kununua bima ya kazini yenye tundu katikati.

Liko jambo jingine ambalo bima peke yake haitaliponya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mgonjwa siku zisizopungua 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Vituo vingi vya kuwatibu waraibu humweka mtu kama miezi mitatu. Hata bima ikilipa yote, siku ya kumi na tano atakula nini, na nafasi yake ya kazi ataikuta? Ndiyo maana watu huficha. Na tusidanganyane, yule anayeficha chupa ndani ya buti ndiye atakayemkata mwenzake mkono mwingine.

Mzee mmoja aliniuliza kwa hasira, kwa nini fedha zake zimtibu mlevi? Nikamwuliza, kisukari chako, nani alikutilia sukari vijiko vitano? Alicheka, lakini swali lake si la kipuuzi. Wako watakaotibiwa na kurudia. Shinikizo la damu nalo hurudi, wala hatumfukuzi mtu kwa hilo. Tena katika nchi yetu kumwambia mtu "wewe ni wa Mathari" ni tusi, na hospitali ile iko tangu mwaka 1910 ikitibu watu wetu. Nani atakayeomba dawa akijua jina lake litachekwa kiwandani?

Kwa hiyo katika mapatano yajayo twataka iandikwe kwamba akili na uraibu vitalipiwa kwa kiasi kilekile cha mwili, aliyelazwa na asiyelazwa. Kwamba anayejitokeza mwenyewe kutibiwa hatafukuzwa wakati wa matibabu, wala siku zake hazitakwisha siku ya kumi na nne. Na kwamba karatasi inayofika kwa msimamizi haitataja ugonjwa. Na akiitwa kujieleza kabla ya kufukuzwa, sheria yampa haki ya kuwa na mwakilishi wa chama. Usimwache aende peke yake.

Yule mtu wa mashini tulimchangia. Amerudi kazini, yuko stoo, hataki tena kuikaribia mashini ile, nami simlaumu.

Kabla ya mkutano wa halmashauri, kila mwakilishi alete kijitabu cha bima cha mahali pake. Si kadi, kijitabu. Meneja akikataa kukitoa, andika tarehe aliyokataa uniletee, nitakwenda mwenyewe.